Wakili mmoja kwa washtakiwa watano: tathmini ya huduma tuliyoilipia katika kesi ya mauaji

Huduma ninayoitathmini hapa ni ya kisheria. Ofisi moja ya mawakili, katika mji mmoja wa Kanda ya Ziwa, ilikubali kuwatetea kwa pamoja watu watano wa kijiji chetu walioshtakiwa kwa kosa moja la mauaji, kwa malipo ya jumla ya shilingi milioni nane. Ofisi yenyewe sitaitaja, kwa sababu baadaye nimesikia kwa wengine kwamba tuliyoyaona sisi si ya ofisi hiyo peke yake, na kwa sababu wakili aliyetuhudumia si mtu mbaya. Naandika kwa ajili ya ndugu ambao leo wamekaa kwenye mkeka wanachangishana kama tulivyokaa sisi, na ambao karatasi watakayoletewa kusaini itakuwa na maneno "washtakiwa wote".

Tukio lenyewe ni la aina inayofahamika vijijini kwetu. Usiku ilipigwa yowe kwamba mwizi wa mbuzi amekamatwa, watu wakatoka na marungu na tochi, mtu yule akapigwa, akafungwa kamba, na kabla ya alfajiri alikuwa amekwisha kufa. Mwili wake ulikutwa korongoni. Mshtakiwa wa kwanza alidaiwa kumpiga marehemu kwa rungu kichwani, na wa pili alidaiwa kufunga kamba na kuendelea kupiga. Wa tatu, ambaye ni mdogo wangu wa tumbo moja, alidaiwa kumulika tochi wakati wenzake wakipiga. Wa nne alidaiwa kufika mambo yakiwa yamekwisha na kusaidia kuuburuta mwili, na wa tano alisema tangu siku ya kwanza kwamba hakuwepo, bali alikuwa mnadani wilaya ya jirani. Nimewapanga hivi kwa makusudi, kwa sababu huduma tuliyonunua iliwachukulia watu hawa watano kana kwamba walikuwa mtu mmoja.

Kosa la mauaji halina dhamana Tanzania, kwa hiyo wote watano walikwenda mahabusu, na kesi ikawa inatajwa kila baada ya wiki mbili huku tukiambiwa upelelezi haujakamilika. Katika kipindi hicho ndipo baba mdogo, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo wetu aliyebaki, alipozikusanya familia zote tano na kumwita wakili. Wakili alikuja kwa gari lake mwenyewe, akavua viatu mlangoni, akala ugali wetu, na maneno yake yakatuingia. "Mzee wangu," alimwambia baba mdogo, "hati ya mashtaka ni moja, kosa ni moja, na utetezi ni mmoja: wote tunakanusha. Mkitawanyika, kila mmoja na wakili wake, mtaumizana wenyewe. Kidole kimoja hakivunji chawa." Hakuna aliyeuliza swali. Tulitanguliza milioni nne siku ileile.

Niseme kwanza yaliyo mazuri, kwa kuwa yapo. Ofisi ilipokea simu zetu, ilituma mtu mahakamani hata siku za kutajwa tu, na iliwatembelea washtakiwa gerezani mara tatu kabla kesi haijahamishiwa Mahakama Kuu. Zaidi ya hayo, wakili alikaa na sisi jioni nzima akitueleza sheria kwa Kiswahili kinachoeleweka, na sehemu kubwa ya ninayoyajua leo nilianzia kwake.

Alitueleza kwamba Kanuni ya Adhabu ina vifungu viwili vinavyowaunganisha watu katika kosa moja, 22 na 23 kwa namba tulizozizoea. Kifungu cha 22 kinamhesabu kuwa mtenda kosa si yule tu aliyepiga, bali pia aliyemsaidia, aliyemchochea na aliyemshauri. Kifungu cha 23 kinakwenda mbali zaidi: watu wawili au zaidi wakiwa na nia ya pamoja ya kutekeleza jambo lisilo halali, na katika kulitekeleza likatendeka kosa ambalo ni tokeo lililotarajiwa la jambo hilo, basi kila mmoja wao anahesabiwa kuwa amelitenda. Kwa maneno ya mtaani, mkienda kumpiga mwizi na mwizi akafa, rungu la mmoja linaweza kuwa rungu la wote.

Alitueleza pia shauri la Tabulayenka, lililoamuliwa mwaka 1943 na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, ambalo mpaka leo linanukuliwa katika mahakama zetu. Nalo lilihusu mtu aliyedaiwa kuwa mwizi na kundi lililompiga. Mahakama ile ilisema kwamba si lazima wahusika wawe wamekaa na kupatana kabla. Nia ya pamoja inaweza kuonekana kutokana na kuwepo kwao pale, matendo yao, na kutojitenga kwa yeyote kati yao na kipigo kilichokuwa kikiendelea. Maneno hayo ya mwisho, kutojitenga, niliyaandika kwenye daftari bila kujua kwamba ndiyo yangekuja kuwa kesi nzima ya mdogo wangu.

Na hata pale alipotukatalia jambo, alitukatalia kwa haki. Binamu yangu alikuwa amesoma mtandaoni habari za shauri la Jogee, ambamo Mahakama ya Juu ya Uingereza, Februari 2016, ilisema kwamba sheria yao ilikuwa imepotoka kwa zaidi ya miaka 30, na kwamba mtu aliyeshiriki hatiwi hatiani kwa mauaji kwa sababu tu alibashiri kuwa mwenzake huenda akaua. Kubashiri ni ushahidi wa nia, si nia yenyewe. Binamu alidhani tumepata dawa. Wakili alimjibu kwa upole kwamba majaji wa Uingereza walikuwa wanasahihisha sheria waliyoitengeneza wao wenyewe kwa hukumu, ilhali yetu imeandikwa na Bunge, na imeandikwa kwa maneno ya tokeo lililotarajiwa. Hilo lilikuwa jibu la mtu anayejua kazi yake.

Dosari ilijitokeza siku ya kuhamisha kesi, hakimu aliposoma kwa sauti maelezo ya mashahidi na vielelezo ambavyo upande wa mashtaka ulikusudia kuvitumia. Miongoni mwake yalikuwapo maelezo ya onyo ya mshtakiwa wa kwanza, yaani yale aliyoyatoa kituo cha polisi baada ya kuonywa kwamba yanaweza kutumiwa dhidi yake. Alikiri kupiga. Lakini hakuishia hapo, aliwataja wenzake mmoja mmoja: huyu alifunga, huyu alimulika, huyu aliburuta. Nilikuwa nimesimama dirishani kwa sababu ndani kulijaa, na nilimwona mdogo wangu akigeuka kumtazama jirani yake wa kizimbani, waliyecheza naye mpira utotoni, wakiwa wamekaa bega kwa bega kwenye benchi moja. Mbele yao alikuwa amekaa mtu mmoja aliyelipwa kuwatetea wote wawili, na alikuwa anaandika.

Nilimfuata wakili nje, nikamuuliza kwa heshima: ikiwa wa kwanza atasimama kizimbani na kurudia kwamba wa tatu alimulika, nani atamhoji kwa niaba ya wa tatu? Akanijibu kwamba sheria inatulinda, kwa kuwa chini ya Sheria ya Ushahidi ungamo la mshtakiwa mmoja laweza kuzingatiwa dhidi ya mwenzake, lakini halitoshi peke yake kumtia mwenzake hatiani. Jibu hilo ni sahihi kisheria, na halikujibu nilichouliza. Mimi sikuuliza uzito wa ungamo. Niliuliza ni nani atakayesimama.

Msomaji apime mwenyewe ugumu wa jambo hili. Katika kesi ya pamoja, kila mshtakiwa ana haki ya kumhoji kwa dodoso shahidi yeyote anayemgusa, wakiwamo washtakiwa wenzake wanapojitetea kwa kiapo. Wakili wa wa tatu angepaswa kumbana wa kwanza, kumwonyesha kuwa anajaribu kugawa mzigo wake kwa wengine. Lakini wakili wa wa kwanza hawezi kumbana wa kwanza. Kwa huyu wa kwanza, utetezi wenye matumaini ulikuwa kusema kwamba hakukusudia kuua, ili kosa lishuke na kuwa la kuua bila kukusudia. Na mahakama hupima kusudio kwa mambo kama aina ya silaha, nguvu iliyotumika, sehemu ya mwili iliyolengwa na idadi ya mapigo. Kila pigo ambalo angelihamishia kwa wa pili lingempunguzia yeye na kumwongezea mwenzake. Wa tano, mtu wa mnadani, hakuwa na haja hata ya kuzungumzia mapigo. Alihitaji tu taarifa ya utetezi wa kutokuwepo itolewe mapema na mashahidi wake waitwe. Kauli ya "wote tunakanusha" ilimfaa yeye peke yake, tena kwa bahati.

Kanuni za maadili ya mawakili za mwaka 2018 zinamtaka wakili ajiepushe na mgongano wa maslahi kati ya wateja wake. Hatukuelezwa hilo siku ya mkeka, wala hatukuombwa ridhaa. Ndiyo alama kubwa ninayoikata katika tathmini hii. Angesema tu, "Kuna uwezekano wateja wangu wakageukiana, na ikitokea hivyo nitalazimika kujiondoa," tungeamua tukiwa macho.

Kisha likatokea ambalo hata wakili hakulitarajia, au alilitarajia akanyamaza. Kabla ya kikao cha Mahakama Kuu kuanza, Mkurugenzi wa Mashtaka aliondoa shtaka dhidi ya mshtakiwa wa nne, na jina lake likaongezwa kwenye orodha ya mashahidi wa Jamhuri, yaani upande wa mashtaka. Kisheria halikuwa jambo la ajabu. Mtu aliyefika baada ya mtu kufa na kusaidia kuficha, kama hakuwa na nia ya pamoja na wapigaji, hasimami nao katika mauaji. Anaangukia kosa jingine, la kusaidia baada ya kosa kutendeka, ambalo adhabu yake si kifo. Na mshirika anaruhusiwa kutoa ushahidi, ingawa majaji huutazama kwa jicho la tahadhari na hupenda kuona ushahidi mwingine unaouunga mkono. Lakini mtu huyu alikuwa amekaa faragha gerezani na wakili wetu mara tatu, akamweleza siri zake zote. Sasa wakili huyohuyo alitakiwa amhoji kama adui, kwa niaba ya wanne waliobaki, huku akiwa na siri zake mfukoni.

Hapo ndipo familia yetu ilipojitoa. Baba mdogo hakufurahi, na familia nyingine ziliona tumewasaliti. Hatukuwa na fedha ya kuajiri mwingine, hivyo mdogo wangu alimwambia Jaji kwamba hana wakili, na kwa kuwa mshtakiwa wa mauaji asiye na uwezo hupangiwa wakili kwa gharama ya Serikali, akapangiwa. Alikuwa dada mmoja kijana, mwenye faili jembamba na begi la mgongoni. Nilipomwona nilidhani tumefanya kosa kubwa maishani.

Alikuwa na mteja mmoja tu katika kesi ile, na hilo lilitosha kubadilisha maswali. Shahidi wa tatu wa Jamhuri, mama aliyeamshwa na yowe, alieleza kwamba aliwaona washtakiwa wakiwa wamemzunguka marehemu na kwamba wa tatu alikuwa na tochi. Wakili wa wale wengine alisimama, akauliza kuhusu umbali na giza, akaketi. Utambuzi wa usiku ni hoja halali na ya kawaida kabisa, na kwa washtakiwa waliokanusha wote ilikuwa hoja pekee iliyomfaa kila mmoja. Dada yule akasimama baada yake. Hakugusa giza hata kidogo. Alikubali kwamba mteja wake alikuwepo, na akauliza maswali manne tu.

"Mama, huyu wa tatu ulimsikia akisema neno lolote?"

"Nilimsikia."

"Alisema nini?"

"Alisema, mwacheni, tumpeleke kwa mtendaji."

"Wenzake walifanya nini?"

"Walimsukuma. Tochi ikaanguka."

"Baada ya hapo ulimwona tena?"

"Sikumwona."

Ukumbi ulinyamaza. Nilimtazama wakili wetu wa zamani: alikuwa ameshika kalamu bila kuandika. Nadhani alilijua jibu lile muda mrefu, maana mdogo wangu anaapa kwamba alimweleza gerezani siku ya kwanza. Lakini asingeweza kuuliza. Swali lile lililomtoa wa tatu kwenye kundi liliwathibitisha wa kwanza na wa pili kuwa ndilo kundi. Liliwaweka pale, wakipiga, wakimsukuma mtu aliyewaomba waache. Hoja yake ya giza ilikufa kwa sauti ya mama mmoja. Angeuliza yeye, angekuwa amewaua kisheria wateja wake wawili kwa mdomo wake mwenyewe, na asipouliza, kama ambavyo angefanya, mdogo wangu angebaki kuwa mtu aliyewamulikia wauaji na asijitenge nao.

Hukumu ilikuja baada ya miezi kadhaa. Wa tano alikuwa amekwisha kuonekana hana kesi ya kujibu. Jaji alimwangalia kila aliyebaki peke yake, akapima ushahidi unaomhusu yeye na utetezi wake, na akasema kwamba kushtakiwa pamoja hakumaanishi kuhukumiwa kwa jumla. Mdogo wangu aliachiwa huru kwa kuwa alijitenga na kipigo kwa maneno na kwa kuondoka. Wa kwanza na wa pili walitiwa hatiani kwa mauaji wakahukumiwa kunyongwa, nao wamekata rufaa. Mama wa mmoja wao ananiitikia salamu, ila hatusimami tena kuongea.

Wanaodhani kwamba hati moja ya mashtaka huzaa hukumu moja wanaweza kuangalia kesi ya Zombe, ambayo Watanzania wengi wanaikumbuka. Wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge na dereva teksi mmoja waliuawa Januari 2006. Askari polisi kadhaa wakashtakiwa pamoja. Agosti 2009 Mahakama Kuu ikawaachia. Na Septemba 2016 Mahakama ya Rufani ikamtia hatiani mmoja wao, Christopher Bageni, huku Abdallah Zombe na wengine waliokuwa kwenye rufaa hiyo wakibaki huru. Kizimba kilikuwa kimoja, na njia za kutokea zilikuwa tofauti.

Tena kwetu tofauti hiyo lazima ipatikane kabla ya neno "hatia", kwa sababu baada ya hapo hakuna nafasi. Kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu kinaagiza adhabu ya kifo kwa kila anayetiwa hatiani kwa mauaji, awe alishika rungu au tochi. Kenya wana pumzi kidogo tangu Mahakama yao ya Juu ilipoamua shauri la Muruatetu mwaka 2017 na kuondoa ulazima wa adhabu hiyo. Ndiyo maana Februari 2023, katika kesi ya kuuawa kwa wakili Willie Kimani, mteja wake na dereva wao, Jaji aliweza kumhukumu mmoja kifo na wenzake watatu vifungo vya miaka 30, 24 na 20, kila mmoja kwa kadiri ya sehemu yake. Jaji wa Tanzania hana ngazi hizo. Kwa hiyo mtu anayewauzia washtakiwa watano utetezi mmoja wa kukanusha anacheza mchezo ambao ukishindwa, unashindwa kwa wote kwa kiwango kilekile.

Kwa upande wa bei, milioni nane kwa watu watano ni milioni moja na laki sita kwa kila mtu, na kwa kesi ya mauaji hiyo ni bei nafuu. Ingekuwa ghali mara mbili nisingelalamika, kama tungepewa mawakili wawili wasiotoka ofisi moja. Kwa mawasiliano na uelewa wa sheria ninaipa ofisi hiyo nyota nne kati ya tano. Kwa namna ilivyowachukua wateja inastahili moja. Ndugu atakayeketi na wakili wa aina hii aulize mambo mawili kabla ya kutoa hata shilingi: ni nani kati ya washtakiwa ametoa maelezo ya onyo polisi na amemtaja nani, na wakigeukiana, wakili atabaki na nani. Na asimdharau wakili wa kupangiwa na mahakama kwa sababu ya wembamba wa faili lake.

Tulipojitoa tuliomba sehemu ya fedha yetu irudishwe, kwa kuwa kazi ya Mahakama Kuu ilikuwa bado haijaanza. Tulizungushwa wiki sita, kisha tukarudishiwa laki tano kwa simu, bila maelezo ya hesabu. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ya malipo yetu ya kwanza, ambayo tulikuwa tumeidai tangu siku ya mkeka, ilifika ikiwa imefifia wino, na jina la mlipaji lilikuwa limeandikwa "washtakiwa wote".